Panchi, Sharubati na Dawa: Ushahidi wa Majina katika Historia ya Vinywaji vya Kuchanganya

Methali ya Kiswahili isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji hufundishwa kwa ajili ya maadili yake, nayo huwaonya watu juu ya kiburi kinachozaliwa na sifa. Mwanahistoria, hata hivyo, aweza kuisoma kwa jicho jingine. Methali hiyo ni ushahidi kwamba machoni pa wanywaji wa pwani tembo lilipaswa kunywewa kama lilivyotoka mnazini, na kwamba kulitia maji kulikuwa ni udanganyifu wa kibiashara. Ng'ambo ya pili ya bahari hiyo hiyo ya Hindi, katika karne ya 17, palikuwa na kinywaji ambacho maji hayakuwa aibu ndani yake bali yalihesabiwa kuwa mojawapo ya viungo vyake halali. Kinywaji hicho Waingereza walikiita panchi, na kwa maoni ya wengi ndicho babu wa vinywaji vyote vya kuchanganya vinavyojulikana leo duniani kwa jina la kokteli.

Makala haya yanakusudia kuchunguza majina ya vinywaji kadhaa vya namna hiyo, pamoja na namna vinavyotengenezwa nyumbani, ili kuonyesha jambo moja. Jina la kinywaji aghalabu huhifadhi kumbukumbu ya mikono iliyokipitisha, wala si lazima lihifadhi kumbukumbu ya nchi kilikotoka au ya watu waliokitengeneza kwanza. Kwa sababu hiyo mwanaisimu anayetaka kuandika historia kwa kutumia majina hana budi kuyapima majina hayo kwa mizani mitatu: tarehe za maandishi, kanuni za sauti, na viungo vyenyewe vilivyomo katika bakuli. Asipofanya hivyo atakuwa mateka wa hadithi tamu, na hadithi tamu katika uwanja huu ni nyingi mno.

Panchi na hesabu ya tano

Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki iliundwa mwaka 1600, na muda mfupi baadaye ikapata kituo cha biashara katika mji wa Surat, huko Gujarat. Bia na mvinyo vilivyopakiwa Ulaya havikustahimili joto la safari ndefu, na mabaharia wakageukia kileo walichokikuta katika bandari za Asia, yaani araki. Jina la panchi linaonekana kwa mara ya kwanza katika barua ya mtu wa kampuni hiyo ya mwaka 1632. Mwaka 1638 msafiri Mjerumani Mandelslo alikuwa Surat, naye akaeleza juu ya kinywaji cha Waingereza wa huko kilichochanganywa kwa kileo, maji ya waridi, maji ya limau na sukari. Daktari Mwingereza John Fryer, aliyesafiri India na Uajemi kati ya mwaka 1672 na 1681 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1698, ndiye aliyeandika waziwazi kwamba jina hilo ni neno la Kihindi lenye maana ya tano, kwa kuwa viungo vya kinywaji ni vitano.

Maelezo ya Fryer yamekubaliwa na kurudiwa na wengi, na kuna sababu za kuyaheshimu. Desturi ya kukiita kitu kwa hesabu ya sehemu zake imejengeka sana katika lugha za kusini mwa Asia na Uajemi. Panjab ni nchi ya maji matano, kwa maana ya mito mitano; na katika ibada za Kihindu pana mchanganyiko uitwao panchamrita, wa vitu vitano ambavyo kwa kawaida ni maziwa, mtindi, samli, asali na sukari. Isitoshe, maneno ya hesabu yamevuka bahari hiyo mara nyingine, kama inavyothibitishwa na neno laki, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka India.

Hata hivyo wataalamu wa lugha wametoa pingamizi tatu ambazo hazistahili kupuuzwa. Ya kwanza ni ya sauti. Neno la Kihindi lina irabu a ndefu inayotamkwa puani, ilhali Waingereza wa mwaka 1632 waliandika neno lao kwa u, na wakati huo u hiyo katika lugha yao ilikuwa ingali karibu na u ya Kiswahili. Fryer mwenyewe, akitaka kulikaribia neno la Kihindi, alilazimika kuliandika kwa herufi nyingine. Pingamizi la pili ni la hesabu: Mandelslo anataja viungo vinne, na maelezo mengine ya karne hiyo yanataja zaidi au pungufu. La tatu ni kwamba lipo neno la Kiingereza la pipa kubwa la kileo linalofanana sana na jina hili, na mabaharia waliliishi neno hilo kila siku. Maumbo kama bouleponge, yanayopatikana katika maandishi ya Wafaransa, hayasaidii kuamua, kwa kuwa yanaonekana kuwa ni matamshi ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya bakuli la panchi.

Kesi ya jina, basi, haijafungwa. Lakini kesi ya kinywaji chenyewe ni nyepesi zaidi, kwani ushahidi wake umo katika viungo. Uingereza ya mwaka 1632 haikulima miwa wala malimau, wala haikuwa na kungumanga wala araki. Hata kama jina lingethibitika kuwa la pipa la Kiingereza, bakuli lingebaki kuwa la bahari ya Hindi.

Ushahidi wa bakuli

Namna ya kutengeneza panchi nyumbani haijabadilika sana tangu karne ya 18, na kuifuata hatua kwa hatua ni njia nzuri ya kuielewa. Kwanza maganda ya malimau, yaliyomenywa kwa wembamba bila ile nyama nyeupe iliyo chungu, huwekwa katika bakuli pamoja na sukari na kupondwapondwa, kisha huachwa kwa saa moja au zaidi mpaka sukari inywe mafuta ya maganda na kulowana. Mmarekani Jerry Thomas, aliyechapisha mwaka 1862 kitabu cha mapishi ya vinywaji kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake nchini Marekani, alisisitiza kwamba harufu hiyo ya ganda ndiyo siri ya panchi njema. Yeye aliipata kwa kusugua mabonge ya sukari juu ya limau zima. Baada ya hapo maji ya moto hutiwa ili sukari iyeyuke, ndipo hufuata maji ya limau yaliyochujwa, kisha araki au ramu, na mwisho kungumanga hukunwa juu yake. Katika visiwa vya Karibi kanuni ya vipimo ilikuwa ni sehemu moja ya uchachu, mbili za utamu, tatu za kileo na nne za maji. Anayeifuata kanuni hiyo ataona kwamba maji ndiyo mengi kuliko vyote, na kwamba panchi haikukusudiwa kulewesha upesi bali kukaliwa jioni nzima na watu waliozunguka bakuli moja.

Sasa na yatazamwe majina ya viungo hivyo kwa Kiswahili. Maji ni neno la Kibantu. Sukari ni neno lililoanzia katika Kisanskriti, likapita Kiajemi na Kiarabu, na kutoka Kiarabu likaingia Kiswahili upande mmoja na lugha za Ulaya upande mwingine. Limau lina mzizi katika Kiajemi na Kiarabu, na kutoka huko limeenea mashariki na magharibi. Kungumanga ndilo neno lenye funzo kubwa zaidi. Mti wa kungumanga asili yake ni visiwa vidogo vya Banda, katika Maluku, ambavyo leo vimo nchini Indonesia. Lakini Waswahili waliliita zao hilo kungu la Manga, yaani la Arabuni na hasa Omani, kwa kuwa walilipokea kutoka kwa mabaharia wa huko. Mtu ambaye angeiandika historia ya kungumanga kwa kutegemea jina la Kiswahili peke yake angelipanda mti huo jangwani. Jina limewakumbuka wachukuzi. Wakulima wa Banda limewasahau.

Jasho la chungu

Araki ni neno la Kiarabu lenye maana ya jasho, na tashbihi iliyomo ndani yake ni ya kuona kwa macho. Kileo kinapokenekwa, yaani kinapochemshwa ili mvuke wake ukusanywe, mvuke huo hupoa na kutoka matone matone mfano wa jasho katika paji la uso. Neno hilo lilienea kutoka Uturuki hadi Indonesia, na katika kila nchi likapewa kileo cha huko: huku cha tende, kule cha zabibu, Goa cha tembo la mnazi, Batavia cha miwa na wali. Jina likawa moja na vitu vikawa vingi.

Katika Afrika Mashariki neno hili lina mtoto ambaye ukoo wake umebishaniwa. Waragi ni jina la kileo kikali cha Uganda, ambacho mwaka 1965 kiliwekewa sheria ya kuwataka wakenekaji wa vijijini wauze kileo chao kwa wenye leseni, na tangu hapo jina hilo likabandikwa katika chupa za kiwandani. Masimulizi yanayopendwa sana husema kwamba neno hilo limetokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita, kwa sababu Waingereza waliwaona askari wakikinywa. Simulizi hilo lina ladha, lakini halistahimili kanuni za sauti. Lugha za Kibantu zinapokopa neno linaloishia kwa n huihifadhi n hiyo na kuiongezea irabu, kama zilivyofanya pini, treni na jini yenyewe. Neno waragi halina n hata moja, na hakuna kanuni inayoeleza ingepotelea wapi.

Kwa upande mwingine, Kiarabu cha Sudani hutamka qafu kama g, hivyo araki ya Wasudani ni aragi. Nao Wasudani walikuwako Uganda. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamesalia baada ya Emin Pasha kuondoka Ekwatoria, akawaingiza katika jeshi lake, na kizazi chao ndicho kilichojulikana kwa jina la Wanubi. Kibera, jijini Nairobi, ambako askari wenzao walipewa makazi, kileo cha kukeneka kiliitwa na Waingereza jini ya Wanubi. Inabaki w ya mwanzo tu kuelezwa, na deni hilo ni dogo kuliko la upande wa pili. Njia ya mwongo ni fupi, wasema Waswahili. Na njia ya etimolojia ya mitaani mara nyingi hukatika pale pale inapokutana na konsonanti moja.

Ndugu wa araki katika safari hii ni neno todi. Kwa Kihindi tari ni utomvu unaogemwa katika mvumo na mitende ya jamii yake. Ni tembo kwa maana kamili ya neno hilo. Waingereza walilichukua, na baadaye likaenda kukaa Scotland, ambako todi ni wiski iliyotiwa maji ya moto na sukari, na hunywewa na mwenye mafua wakati wa baridi. Mgema wa pwani akiandaliwa kikombe hicho hataona ndani yake chochote kilichopata kupanda mnazini, ingawa jina ni la kazi yake.

Vinywaji vilivyoanza kama dawa

Kundi la tatu la majina linatoka katika maduka ya matabibu. Mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunywa umezaa maneno mengi: sharubati ya Kiswahili, siropu ya lugha za Ulaya, na pia jina la kinywaji cha Waingereza cha karne ya 18 kiitwacho shrabu, kilichotengenezwa kwa maji ya matunda, sukari na ramu. Nchini Marekani baadhi ya watu waliiacha ramu na kutia siki badala yake, ili matunda yahifadhike bila kuoza. Hivyo mzizi mmoja unasimama pande zote mbili za mpaka wa sheria ya dini: Mombasa na Lamu sharubati ni kinywaji halali cha karamu na cha futari, ilhali kwa Kiajemi na Kiurdu neno la ukoo huo huo, sharab, ni mvinyo.

Julepu nayo ni ya Kiajemi: gul ni waridi na ab ni maji. Waarabu waliligeuza neno kuwa julab, wakalitumia kwa maji matamu ambayo tabibu alitumia kumnyweshea mgonjwa dawa chungu. Kwa maana hiyo lilifika Ulaya katika karne za kati. Mwaka 1803 John Davis, aliyekuwa amesafiri Marekani, alieleza kwamba julepu ni kileo kilichotiwa majani ya nanaa ambacho watu wa Virginia hukinywa asubuhi. Waridi lilikwisha kuondoka na mgonjwa alikwisha kupona. Kilichobaki ni jina na desturi ya kunywa asubuhi, ambayo ni saa ya dawa.

Kokteli yenyewe ina ndugu katika duka hilo hilo. Tarehe 13 Mei 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, katika jimbo la New York, lilimjibu msomaji aliyeuliza maana ya neno hilo. Jibu lilikuwa kwamba ni kinywaji cha kileo chochote, sukari, maji na machungu. Machungu hayo ni kileo kilicholowekwa mizizi na magome, nayo yaliuzwa kama dawa ya tumbo. Hata yale maarufu ya Angostura yalitungwa mwaka 1824 na daktari Mjerumani, Siegert, aliyehudumu katika jeshi la Simon Bolivar huko Venezuela. Anayetaka kuonja kokteli ya mwaka 1806 aweza kuitengeneza nyumbani bila chombo chochote maalumu. Kijiko kidogo cha sukari hulowanishwa kwa matone machache ya machungu na maji kidogo, huvurugwa hata sukari iyeyuke, kisha hutiwa wiski kiasi cha mililita 60 na bonge la barafu, na ganda la chungwa hukamuliwa juu yake. Barafu na ganda ni nyongeza za baadaye; vilivyobaki ni vile vinne vya gazeti.

Kuhusu jina, kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Antoine Peychaud, muuza dawa wa New Orleans, ambaye inasemekana aliwapa wageni wake kileo na machungu katika kikombe cha kuwekea yai, na jina la Kifaransa la kikombe hicho likageuka kuwa kokteli. Hapa hata kanuni za sauti hazihitajiki, tarehe zatosha. Peychaud alifungua duka lake katika miaka ya 1830, ilhali neno lilikwisha kuchapishwa mwanzoni mwa karne hiyo, alipokuwa yeye bado mtoto mchanga. Maelezo mengine hulihusisha neno na farasi wa damu mchanganyiko, ambao mikia yao ilikatwa ikasimama kama ya jogoo. Maelezo haya angalau hayapingani na kalenda, lakini kutopingana na kalenda si sawa na kuthibitika.

Dawa ya Nairobi

Mkahawa wa Carnivore ulifunguliwa Nairobi mwaka 1980, na miongoni mwa mambo yaliyoujulisha kwa wageni ni kinywaji kiitwacho dawa. Hutengenezwa kwa vodka, vipande vya ndimu vilivyopondwa pamoja na sukari, na barafu. Kisha kijiti kilichochovywa katika asali hutumbukizwa, na mnywaji hukikorogea mwenyewe kadiri apendavyo utamu. Umbo lake ni la kaipirinya ya Brazili, ambayo ni ndimu, sukari na kileo cha miwa, na ambayo jina lake ni udogo wa neno lenye maana ya mtu wa shamba. Katika mikahawa mingi ya Kenya dawa vilevile ni kikombe cha maji ya moto yenye limau, tangawizi na asali, kisicho na kileo chochote.

Dawa ni neno la Kiarabu ambalo Kiswahili kimelifanya lake kwa karne nyingi. Kwa hiyo kinywaji cha umbo la Kibrazili, chenye kileo kinachohusishwa na Urusi na Poland, kimepata jina la Kiarabu kwa njia ya Kiswahili na kinajulikana ng'ambo kuwa ni cha Kenya. Julepu ilikuwa dawa ikawa kinywaji cha starehe. Huku kinywaji cha starehe kimeitwa dawa. Mwanaisimu wa mwaka 2300 atakayekuta neno hili katika orodha ya vinywaji, bila tarehe na bila maelezo, huenda akahitimisha kwamba Wakenya wa karne ya 20 walitibiwa kwa vodka. Atakuwa amekosea, lakini kosa halitakuwa lake peke yake.

Hitimisho

Mifano hii yaonyesha kwamba majina ni mashahidi wema wanaohitaji kuhojiwa. Kungumanga lawataja Wamanga na kuwasahau watu wa Banda. Todi imempoteza mgema. Waragi imetaka kupewa wazazi Waingereza ilhali sauti zake ni za Sudani. Katika kila mfano waliopotea ni wale wale: watu waliogema, waliokeneka, waliokamua na kukoroga, ambao hawakuandika barua. Fryer na Mandelslo wanatajwa kwa majina, lakini watumishi wa Surat waliolijaza bakuli hawatajwi, na hapana utafiti wa leo utakaowarudisha.

Kwa vinywaji vya Afrika Mashariki wakati haujapita. Muratina imepewa jina la mti ambao tunda lake hutumika kuichachusha, mti ambao kwa Kiswahili ni mwegea, na wazee wanaojua namna ya kulitayarisha tunda hilo wangali hai. Busaa, chang'aa, gongo na tembo vina istilahi nzima za vyombo, za hatua za kazi na za viwango vya ukali, ambazo kamusi zimezipitia juu juu, pengine kwa sababu ya aibu ya somo lenyewe. Aibu hiyo si hoja ya kitaaluma. Mgema akiulizwa leo jinsi anavyoligema tembo lake, na jibu lake likaandikwa pamoja na tarehe na mahali, hatahitaji kubuniwa hadithi kesho.